Andor Imeturudisha Star Wars, na Hakuna Hata Jedi Mmoja Ndani

Kama uliachana na Star Wars baada ya The Rise of Skywalker mwaka 2019, hakuna wa kukulaumu. Palpatine alirushwa shimoni 1983, halafu miaka 36 baadaye anarudi tu hivi, bila maelezo ya maana, na Rey anageuzwa mjukuu wake. Galaksi nzima ikawa kesi ya ukoo. Disney walinunua Lucasfilm 2012 kwa dola bilioni 4 na ushee, na sasa ilikaa ni kama wanatafuta tu pesa yao irudi.

Na si ati Wakenya hatukuwemo. Kwa Return of the Jedi ya 1983, yule rubani msaidizi wa Lando, Nien Nunb, anasikika akibonga Kikuyu. Sauti ni ya Mkenya, Kipsang Rotich. 2015 akaingia Lupita Nyong'o kama Maz Kanata, lakini sura yake ikafunikwa na kompyuta. Sauti zetu zilikuwemo. Maisha yetu, zii.

Alafu Tony Gilroy akatupa Andor: episodi 12 mwaka 2022, zingine 12 mwaka 2025. Diego Luna ni Cassian, yule msee wa Rogue One. Hakuna Jedi. Hakuna upanga wa taa. Kuna watu wa kawaida na serikali inayowakalia.

Cheki episodi ya 7 ya msimu wa kwanza. Cassian yuko mji wa bichi, ametoka tu kwenda dukani. Kuna watu wanakimbia, askari anamsimamisha. Kidogo kidogo yuko mbele ya hakimu, na kesi haichukui hata muda wa kunywa chai. Miaka 6. Kosa lake ni kupatikana pale.

Kijana wa Bofu hahitaji kutafsiriwa hiyo sini. Msako ukishuka Likoni, huulizwi umefanya nini. Unaulizwa unatoka wapi.

Jela yenyewe iko katikati ya maji. Wafungwa wanaunda vyuma siku nzima bila kujua vinaenda wapi, kumbe vinajenga Death Star, silaha ileile itakayokuja kummaliza Cassian kwa Rogue One. Siku ya kutoroka, Kino Loy, aliyewaongoza wote, anafika ukingoni na kusema hajui kuogelea. Wewe unayevuka feri kila asubuhi, hiyo itakukaa kifuani wiki nzima.

Msimu wa pili ndio noma zaidi. Dola inataka madini ya sayari ya Ghorman. Haianzi na risasi. Inaanza na habari za TV: hawa watu ni wabaya, ni wakorofi. Wakishapakwa matope vya kutosha, wanapigwa wakiwa uwanjani mwao wenyewe.

Hizo episodi zilitoka Aprili na Mei 2025. Hapo hata mwaka haukuwa umeisha tangu 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakauawa, na walioandamana wakaitwa wahalifu. Desemba hiyo, tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilisema imehesabu visa 82 vya watu kutekwa nyara tangu Juni. Gilroy hakuandika kuhusu sisi. Ila uonevu una fomula moja, na yeye ameisoma vizuri.

Utasema, lakini buda, si hii bado ni kampuni ya mabilioni inatuuzia mapinduzi? Ni kweli. Lakini hata muuzaji anaweza kukuuzia kitu cha ukweli. Muvi nyingi zinakuambia ungoje mteule mwenye damu spesheli. Andor inakuambia hakuna anayekuja, na kwamba kazi inafanywa na fundi, karani na mama wa mtaa, wengi wao wasione matunda yake.

The Mandalorian and Grogu ilipangiwa 22 Mei 2026. Usipime na uzuri wa Grogu. Pima kama kuna mtu wa kawaida ndani anayelipa gharama ya ukweli.

Kwa sasa, jaziwa flashi. Anza na Andor, malizia na Rogue One. Episodi tatu za kwanza zinaenda polepole. Vumilia.