AMRI YA MAHAKAMA YA WATOTO NI YA NYUMBA NZIMA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Tumeona tuliseme jambo hili mapema, kabla msimu wa korosho haujachanganya. Pale mizani yanasemwa mawili. Wengine: "Mtoto akivunja amri ya mahakama afungwe, akome!" Wengine: "Aa, mahakama ya watoto mchezo tu, haifungi mtu."

Sisi tunasema wote wamekosea.

Kwanza, jela haipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu kifungo mtu aliye chini ya miaka 18. Mtu mzima akiidharau mahakama anaweza kwenda ndani, lakini kwa mtoto njia ni nyingine. Shauri lake husikilizwa faragha, na ofisa ustawi wa jamii huwapo. Akionekana na kosa, mahakama inaweza kumwachia arudi nyumbani kwa masharti: awe na mwenendo mwema, tena chini ya uangalizi, kwa muda usiozidi miaka 3.

Pili, si mchezo. Masharti yakivunjwa, mahakama inaweza kumwita tena, hata kutoa hati akamatwe. Hapo anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, na shule hiyo iko Irambo, Mbeya. Nani kati yetu atamudu nauli ya kwenda kumjulia hali huko?

Sasa tuulizane ukweli. Mtoto akikosa kuripoti kwa ofisa ustawi, nani kamfanya akose? Nauli ya kwenda wilayani hana. Siku yenyewe ikifika baba anamwambia, "Leo shamba kwanza, huko utakwenda keshokutwa." Keshokutwa haiji. Kwenye faili inaandikwa mtoto kakaidi, baba haandikwi. Korosho zikilowa ghalani kwa sababu paa linavuja, hatuzilaumu korosho.

Hatusemi kila mtoto ni malaika. Wapo wanaotoroka kwa makusudi na kuwarudia walewale waliowaponza. Hao wajibu wenyewe mbele ya hakimu. Na mzazi asimfiche mwanawe kwa shangazi kijiji cha pili, maana kumficha ni kumzidishia matatizo.

Basi tunapendekeza:

1. Mzazi asiondoke mahakamani kabla hajaelezwa masharti akayaelewa. Kuuliza si aibu.

2. Siku ya kuripoti mtoto asipewe kazi yoyote, iwe shambani au nyumbani.

3. Ukitokea udhuru wa kweli, ugonjwa au msiba, ofisa ustawi au mtendaji wa kijiji aarifiwe siku ileile, si baada ya hati kutoka.

4. Gari la mzigo la ushirika likienda wilayani, mtoto huyo na mzazi wake wapewe nafasi bila nauli. Hili tunaomba lipitishwe katika mkutano mkuu ujao.

Na tukimwona mtoto anakwenda kuripoti, tusimnyooshee kidole njiani. Anatimiza amri, na wako watu wazima wanaoshindwa.

Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo. Lakini kumkunja ni kazi ya mikono yetu hapa kijijini, tusingoje Irambo itufanyie.

Ni sisi,
Kamati ya Elimu ya Ushirika