Tuwe na Makumbusho ya Vyombo vya Safari

Wenzangu, mgeni akija kuutazama mji wetu wa Bujumbura, twampeleka Musée Vivant, iliyoanzishwa mwaka 1977, akaone mamba na nyumba ya jadi. Lakini akituuliza, "Babu zenu walisafirije?" tutampeleka wapi? Makumbusho ya vyombo vya safari hatuna. Maoni yangu ni kwamba twayahitaji, na kazi ya kuyaanza ni yetu sisi.

Wengi hudhani makumbusho ni jumba zuri lenye makabati ya vioo. Sivyo. Hayo ni ya mbele tu. Kazi yenyewe iko nyuma, kwa fundi mwenye kopo la grisi na karani mwenye daftari. Fikirini habari za meli ya Liemba ya ziwa letu la Tanganyika. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakavileta mpaka Kigoma, ikaundwa tena. Mwaka 1915 ilishushwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916, vita vilipowaelemea, waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Meli ilipoinuliwa mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado yafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 meli hiyo hiyo iliwachukua Warundi wengi waliokimbilia Kagunga, ikawafikisha Kigoma. Bila grisi ile, pengine wasingeikuta meli.

Mafundi wa namna hiyo tunao. Nendeni Buyenzi asubuhi mkasikilize nyundo. Huko gari lililokwisha kukatiwa tamaa hutengenezwa likaenda. Lakini chombo kisichotengenezeka hukatwa kikauzwa kama chuma chakavu, na habari zake hupotea pamoja nacho. Zitazameni baisikeli ziteremkazo kutoka milima ya Bugarama na mikungu ya ndizi mpaka huku chini ziwani, ambazo waendeshaji wake hupanda tena kwa kushikilia nyuma ya malori. Mwaka 2022 baisikeli, pikipiki na bajaji zilipopigwa marufuku katikati ya mji, nani kati yetu aliyeweka hata baisikeli moja kwa ukumbusho?

Najua wapo watakaosema, "Miaka hii petroli yenyewe imekuwa adimu, nanyi mwataka kutunza magari yasiyokwenda!" Neno hilo si la kupuuzwa, kwani mwenye njaa hashibi kwa kutazama chungu cha kale. Lakini sitaki jumba wala fedha za serikali. Nataka rafu moja katika maktaba yetu, baisikeli moja ya mizigo, na daftari moja.

Nanyi kaka zetu mliomaliza masomo zamani, mliofanya kazi bandarini au mlioendesha malori, tuandikieni. Mlibeba nini? Gari lilipoharibika usiku njiani, mlilitengeneza kwa kitu gani? Chuma tutakiokota wenyewe, bali maarifa hayo yamo vichwani mwenu tu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tuanze muhula huu.