Bandu Bandu Huisha Gogo

Wahenga walinena kuwa bandu bandu huisha gogo. Methali hii naiona ikitimia kila mwezi katika viduka vya vijana wetu wanaosanifu kadi za harusi, vibao vya maduka, majalada ya vitabu na leso. Shoka linalowabandua si kodi ya pango peke yake, bali pia kodi ya programu za kompyuta wanazofanyia kazi.

Zamani fundi alinunua chombo, kikawa chake. Seremala halipii randa yake kila mwisho wa mwezi. Programu nazo zilikuwa hivyo. Mwaka 2012 kampuni ya Adobe iliuza fungu la programu za usanifu, Creative Suite 6 Design Standard, kwa dola 1,299. Zilikuwa fedha nyingi, lakini zikilipwa zimelipwa. Mei 2013 kampuni hiyo ikatangaza kwamba matoleo mapya yatakodishwa tu, programu zote kwa dola 50 hivi kwa mwezi. Autodesk, wenye AutoCAD ya wachora ramani za majumba, wakashika njia hiyo hiyo mwaka 2016.

Wenye kampuni wana hoja, nayo haifai kupuuzwa. Wasema kuwa asiye na dola 1,299 mkononi aweza kuanza kazi kwa dola 50. Ni kweli. Lakini hebu tupige hesabu. Dola 50 kwa mwezi ni 600 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni 3,000. Baada ya miaka hiyo kijana hana chombo. Siku asipolipa mlango hufungwa, na michoro ya mkono wake mwenyewe hawezi tena kuitengeneza kwa programu ile.

Isitoshe, kodi ni dola na pato ni shilingi. Dola 50 mwaka 2013 zilikuwa kiasi cha shilingi 4,300. Januari 2024 dola 50 zile zile zilifika shilingi 8,000. Na kazi zetu za Pwani zina misimu. Shaaban kadi za harusi humiminika, Ramadhani harusi husita. Kodi haijui Shaaban wala Ramadhani.

Kwa hivyo wengi hukimbilia nakala za wizi. Hapa siwaungi mkono. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yalinda programu kama ilindavyo mashairi. Sisi washairi ndio wa kwanza kulia beti zetu zikiimbwa bila ya idhini wala malipo. Twawezaje kuhalalisha jasho la mwingine?

Njia ya halali ipo. Mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga euro 100,000 kwa muda wa wiki saba, ili programu ya Blender, iliyotungwa na Mholanzi Ton Roosendaal, iwe huru kwa wote. Filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Kwa michoro iko Inkscape, kwa picha GIMP, kwa kupanga kurasa Scribus. Zote bure na za halali. Nyingine hutolewa bure na wenye biashara, kama Affinity tangu Oktoba 2025. Hizo tuzitumie tukikumbuka kuwa mgeni akaribishwaye bure bado hana nyumba.

Kizuizi kikubwa nikionacho ni mazoea. Vyuo vingi hufundisha programu za kukodi peke yake, na kijana akitoka hapo adhani hakuna nyingine. Wapiga chapa nao hudai faili za kampuni moja, ingawa PDF ni kipimo cha kimataifa tangu 2008 na yatosha kwa kazi nyingi.

Basi vyuo vifundishe zote mbili. Wapiga chapa wapokee PDF. Serikali za kaunti, zitoapo zabuni za usanifu, zisidai chombo cha kampuni fulani. Na kijana anayefungua duka leo aanze na chombo kisicho na kodi. Cha kukodi akichukue pale tu kazi yenyewe inapokidai na kukilipia. Mtumai cha nduguye hufa maskini, na huyu tunayemtumai si ndugu yetu hata.