Dakika 40 kwa wakubwa, nusu siku kwa aliyeumia

Toka uwanja wa Luano, hapa Lubumbashi, mpaka uwanja wa Kolwezi, ndeke inapita karibu kilometa 240. Angani ni kama dakika 40. Kwa barabara ni kilometa 300 hivi: Likasi iko ku 120, kisha Fungurume, kisha Kolwezi. Tofauti ni kilometa 60 tu. Lakini tofauti ya saa, kila mutu anayepita pale anaijua: kamio za madini na za asidi zinafuatana, kuna peaji, kuna magari yaliyokufa katikati ya njia. Ukitoka asubuhi na mapema, ukifika mbele ya saa saba, shukuru Mungu.

Sisi wa sendika ya migodini hatusemi ndeke ni mbaya. Tunauliza: nani anaipanda? Mukubwa akiwa na kikao Lubumbashi, tikiti inapatikana leoleo. Mwenzetu akivunjika mgongo shimoni, munganga akisema apelekwe Lubumbashi, anawekwa mu ambulansi na safari inaanza nyuma ya kamio.

Tusidanganyane pia juu ya zile dakika 40. Ongeza saa za kungoja uwanjani, ongeza feza ya go-pass, ongeza siku ambayo ndeke haiko. Mara ingine mwenye gari anakutangulia. Ndiyo maana hatuombi kampuni ianze kutafuta tikiti siku ya ajali. Siku ile ni kuchelewa. Tunaomba mapatano na wenye ndeke yasainiwe mbele, kusudi munganga apige simu moja tu.

Watatujibu: ndeke ya mugonjwa ni feza mingi. Sawa. Lakini sheria ya kazi ya mwaka 2002 inalazimisha kampuni kutunza mfanyakazi na jamaa yake wakigonjwa ao wakiumia. Na barabara nayo iko na bei yake. Februari 2019, karibu na Kabwe, kamio ya asidi iligongana na basi ya abiria, watu karibu 20 wakakufa. Ni njia ileile tunamupitishia mutu anayevuja damu ya ndani.

Kwa hiyo, mu mazungumzo ya mapatano ya pamoja, tunataka mambo matatu yaandikwe. Kwanza, hesabu ya saa: toka shimoni mpaka mbele ya munganga wa kupasua, zisipite ngapi? Kampuni iandike namba, isiandike « haraka iwezekanavyo ». Pili, munganga ndiye aamue ndeke ao barabara, si cheo cha mugonjwa. Tatu, wafanyakazi wa makampuni madogo ya kukodisha watu wahesabiwe pia, juu wao ndio wengi chini kule.

Na jambo moja kwa serikali. Tangu 2015 Kolwezi ni mji mukubwa wa jimbo la Lualaba. Kobalti inatoka pale, inauzwa dunia nzima. Usiku ama mu mvua kali, ndeke isipoweza kuruka, mugonjwa hatangoja. Anahitaji chumba cha upasuaji chenye vyombo, damu na wanganga, palepale Kolwezi.

Wajumbe wenzetu, karatasi ikifika mezani bila namba ya saa, musisaini.