MICHEZO: KIJANA HUYU ALIZALIWA LINI?



Timu yetu ya Taifa ya vijana wa chini ya miaka 17 inaitwa Serengeti Boys. Kazi ya kocha wake si sawa na ya kocha wa klabu. Kocha wa klabu huwa na wachezaji wake mwaka mzima. Kocha wa Taifa hukaa nao majuma machache tu. Hana nafasi ya kumfundisha kijana kupiga mpira. Yeye huchagua na kuunganisha. Kupiga mpira, kijana amejifunza kijijini na shuleni.

Kabla ya kuchagua, kocha huuliza: Kijana huyu alizaliwa lini?

Swali hili si dogo. Mwaka 2005 Serengeti Boys walipata nafasi ya kwenda Gambia kwenye mashindano ya Afrika. Ikagundulika kuwa mchezaji mmoja amezidi umri. Tanzania ikaondolewa, Zimbabwe ikaenda. Kosa lilikuwa la mchezaji mmoja. Walioumia ni timu nzima.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 2016 Kongo-Brazzaville ilitutoa. Mchezaji wake mmoja akaitwa kupimwa umri. Hakufika. Kongo ikaondolewa, nafasi ikawa yetu. Mwezi Mei 2017 kocha Bakari Shime aliwaongoza vijana wetu Gabon. Walitoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger.

Je, umri hupimwaje? Mashine hupiga picha ya mifupa ya kifundo cha mkono. Mtoto anapokua, mifupa hiyo huungana polepole. Ikiwa imekwisha kuungana kabisa, kijana huyo huhesabiwa kuwa amezidi miaka 17. Mashine haisomi cheti. Inasoma mfupa.

Makocha wa Buzwagi na vijiji vya Kahama, jambo hili ni letu pia. Tukimpunguzia kijana miaka ili tushinde mbuzi, tunamwekea mtego. Siku akiitwa mbele, atakwama. Na mdogo aliyestahili namba yake tumekwisha mwacha nje.

Tufanye hivi:
1. Tuandike daftari la wachezaji na tarehe zao za kuzaliwa.
2. Wazazi watunze kadi za kliniki.
3. Mzazi ambaye mtoto wake hana cheti cha kuzaliwa aende ofisi ya kata, aulize utaratibu.

Njia ya mwongo ni fupi.