MAJI YALIYO CHINI YA MIGUU YETU

Tarehe 9 Machi, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, na ndugu zetu wa Same, waliongoja kwa zaidi ya miaka kumi, walishangilia. Twashangilia pamoja nao. Lakini wako wanaodhani kwamba, maadam bomba limefika, habari ya visima imekwisha. Hao wamekosea.

Bomba hilo lateka maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na maji ya bwawa hilo ndiyo yale yale ya mto Pangani yanayozungusha mitambo ya umeme na kunywesha mashamba. Wenye kuyagombea ni wengi. Tena bomba halipandi kila mlima wala halifiki kila kitongoji.

Wazee wa Upare hawakungoja bomba. Walijenga ndiva, wakakinga maji ya kijito usiku kucha, wakayafungulia asubuhi yaende mashambani kwa zamu. Wataalamu waliochunguza bonde la Makanya katika miaka ya 2000 waliyafuata maji kwa chumvichumvi zake, wakaona kwamba sehemu kubwa ya maji ya vijito vya milimani hutoka ardhini, hata mvua inaponyesha. Basi tangi letu kubwa ni mlima wenyewe, na akataye msitu wa Shengena atoboa tangi hilo.

Kuchimba bila kupima ni kucheza kamari kwa fedha za umma. Miamba ya Upare ni migumu na ya kale. Maji hukaa katika nyufa, hata kisima kimoja kikajaa na jirani yake kikawa kikavu. Kule tambarare mengine ni ya chumvi, na aliyepata kuyanywa hahitaji kuelezwa. Hatari zaidi ni floridi, isiyoonekana wala kunuka, ambayo huharibu meno na mifupa ikizidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ndugu zetu wa Unguja nao wajua kwamba kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi, bahari huingia.

Kwa hiyo twadai kila kisima kichimbwacho kiandikwe kina chake, wingi wa maji yake, chumvi na floridi yake, na kipimwe tena kila kiangazi. Daftari hilo likae katika ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, ili mkulima wa Makanya au Hedaru aweze kulifungua na kuuliza.