Nakuru Ijenge Ukumbi wa Sanaa, Lakini Kwanza Tuandike Nani Atashika Ufunguo

Tarehe 10 Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walipanda jukwaani hapa Nakuru, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Hawakuigiza. Mwandishi wa mchezo wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa usiku uliotangulia. Wasichana wenyewe walisema hawana mapambo ya jukwaani wala watazamaji wa kuwaigizia. Nje polisi walikuwa wakirusha vitoa machozi. Na haya yote yalitokea wakati Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamuru kwamba mchezo huo, Echoes of War, uruhusiwe kwenye tamasha la kitaifa la drama.

Wenzangu, kuhusu polisi tumesema mengi, na tutaendelea kusema. Leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho hatukukigusa siku hizo: ukumbi. Tamasha la taifa zima lilikuja kwa jiji la nne la Kenya, na wanafunzi wakaigizia kwenye kumbi za shule. Hakuna ukumbi wa umma wa sanaa ambao tungeweza kusema, hapa ndipo nyumbani kwa drama, na huyu hapa ndiye anayewajibika mlango ukifungwa.

Hoja yangu ni hii: Nakuru inahitaji kituo cha sanaa za maonyesho na elimu, na kijengwe na kaunti. Lakini kabla mtu yeyote hajaweka jiwe la msingi na kupigwa picha, bunge la kaunti lipitishe sheria inayosema nani atashika ufunguo, na ni lini tu anaruhusiwa kufunga.

Tuanze na kwa nini tunakihitaji. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Mwaka huohuo UNESCO ikatuingiza kwenye mtandao wa miji ya ubunifu, kwa upande wa ufundi na sanaa za jadi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 katika kaunti hii. Sasa niambie, kikundi cha vijana kutoka Kaptembwo au Bondeni kikitaka kufanya mazoezi ya mchezo kwa wiki sita, kiende wapi? Kuna ukumbi wa Nakuru Players, ambao ni wa tangu enzi za mkoloni, na waliouweka hai wanastahili heshima. Baada ya hapo ni kubembeleza kanisa, kulipia hoteli, ama kusubiri shule ifunge.

Halafu kuna suala la masomo, na hili halingoji. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia gredi ya 10. Njia ni tatu, na mojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo: muziki na densi, uigizaji na filamu, sanaa za kuchora na kuchonga, na michezo. Vizuri sana kwenye karatasi. Lakini ni shule ngapi za kutwa unazozijua zenye jukwaa, taa, chumba cha kurekodia sauti na mwalimu aliyewahi kuelekeza mchezo? Hatuwezi kuijengea kila shule ukumbi. Tunaweza kujenga kimoja kizuri na shule zikapangiwa zamu.

Ndiyo maana nasema kituo, sisemi ukumbi peke yake. Jukwaa kubwa moja, chumba cha mazoezi kinachoweza kuwa jukwaa dogo, madarasa, studio ya sauti, karakana ya mapambo na stoo ya mavazi. Watu wakisikia sanaa wanafikiria mwigizaji tu. Nyuma ya mwigizaji mmoja kuna fundi wa taa, fundi wa sauti, seremala, fundi cherehani, mpiga picha, mtu wa tiketi. Hizo ni kazi za mikono ambazo kijana anaweza kujifunza hapo na akaajiriwa kwenye matangazo, harusi, makanisa na filamu.

Najua jibu litakalotoka kwa waheshimiwa: ati hiyo ni kazi ya serikali kuu. Hapana. Fungua Katiba, nenda mwishoni, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Pale ambapo kazi za kaunti zimeorodheshwa, utakuta maktaba, makavazi, shughuli za utamaduni na vifaa vyake. Limeandikwa. MCA akikwambia sio kazi yake, mwonyeshe ukurasa.

Sasa tufike kwa ufunguo, manake hapa ndipo Kenya imekuwa ikianguka. Angalia mifano mitatu.

Kenya National Theatre ilifunguliwa 1952, ikilenga ladha ya walowezi. Mwaka wa 1976, miaka 13 baada ya uhuru, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu Dedan Kimathi ulipewa siku chache tu pale. Maonyesho ya wageni yalikuwa yameshika nafasi. Jina lilikuwa la taifa, lakini daftari la nafasi lilikuwa mikononi mwa wengine.

Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, hawakungoja mtu. Walijenga jukwaa lao la wazi kwa mikono yao, na 1977 wakaigiza Ngaahika Ndeenda, kwa Kikuyu, lugha yao. Baada ya wiki chache leseni ikaondolewa. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini, akakaa karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka wa 1982 serikali ikabomoa lile jukwaa. Watu walikuwa na jengo na walikuwa na mchezo. Hawakuwa na sheria ya kuwakinga.

Bomas of Kenya ilianzishwa 1971 kuhifadhi ngoma na nyumba za jamii zetu. Leo ukimtajia mtu Bomas, anafikiria kuhesabiwa kwa kura za urais. Na 2025 Rais aliweka jiwe la msingi la jumba la mikutano ya kimataifa palepale. Mnaona inavyokuwa? Hata bila kupiga marufuku mchezo wowote, nyumba ya utamaduni inaweza kugeuka kidogo kidogo kuwa nyumba ya mikutano, kwa sababu mikutano inalipa zaidi na wakubwa wanaipenda.

Kwa hivyo kituo kinaweza kuuawa kwa njia tatu: kwa daftari la nafasi, kwa amri kutoka juu, au kwa kubadilishwa matumizi. Sheria ya kaunti inapaswa kufunga njia zote tatu. Mimi ningetaka mambo matano yaandikwe.

Kwanza, bodi. Gavana asiteue wote. Wasanii, walimu wa sanaa na vijana wachague wawakilishi wao, muda wao ujulikane, na mjumbe asifutwe kwa sababu tu mchezo fulani umemuudhi mtu.

Pili, daftari la nafasi liwe wazi kwa kila mtu, kwenye ubao wa kituo na mtandaoni. Anayetangulia kuomba anahudumiwa kwanza. Ombi likikataliwa, sababu itolewe kwa maandishi ndani ya siku zilizowekwa. Na sababu isiwe "mchezo una siasa". Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake, na kinataja kisicholindwa: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na kueneza chuki. Kinatutaka pia tuheshimu haki na sifa za wengine. Kumkasirisha mkubwa hakumo kwenye orodha, nimesoma mara nyingi nikikutafuta.

Tatu, mwenyeji. Meneja wa kituo awe na wajibu wa kisheria: onyesho likishaingia kwenye daftari, afungue mlango, awashe taa, alinde vifaa vya wasanii na aruhusu watazamaji. Asifunge bila amri ya mahakama, isipokuwa kwa hatari ya kweli kama moto.

Nne, saa. Sehemu kubwa ya siku za mwaka itengewe shule na vikundi vya hapa, kwa bei nafuu iliyochapishwa. Harusi na mikutano ya wanasiasa ilipe bei kamili, na isiondoe onyesho lililotangulia kuwekwa. Ndiyo, hata mikutano ya chama chetu.

Tano, pesa. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi na wa ushindani, na cha 35 kinatupa haki ya kupata habari. Basi zabuni na mkataba zichapishwe, na bajeti ya kila mwaka iwe na fungu la matengenezo. Sote tumeona majengo ya umma yaliyozinduliwa kwa mbwembwe na miaka mitatu baadaye choo hakina maji.

Kuna swali gumu hapa na sitalikwepa. Kama amri ya Mahakama Kuu haikuwasaidia wasichana wa Butere, sheria ndogo ya kaunti itasaidia nini?

Fikiria ile amri ilifanya nini. Iliwapa haki ya kushiriki, na jina lao likarudi kwenye ratiba. Lakini asubuhi ile hapakuwa na mtu ambaye kazi yake, kisheria, ilikuwa kuhakikisha mapambo yao yamefika, mwelekezi wao ameingia na viti vina watu. Kila mmoja aliweza kusema sio mimi. Walikuwa na haki, lakini hawakuwa na mwenyeji. Sheria ya kituo haiwezi kuzuia polisi anayeamua kuvunja sheria. Inachofanya ni kumweka mtu mmoja mwenye jina na ofisi, ambaye lazima aseme nimefungua au nimefunga, na tukaweza kumpeleka kortini kwa jina lake. Hofu inakua pale ambapo kila mtu anaweza kujificha nyuma ya mwingine.

Swali la pili mtaniuliza kwa comment, nalijua: hospitali hazina dawa, barabara za mitaani ni matope, wewe unataka drama? Ni swali la haki. Sitasema jukwaa ni muhimu kuliko dawa. Nasema kituo kinaweza kujengwa kwa awamu: anza na chumba cha mazoezi na madarasa, jukwaa kubwa lifuate. Nasema pia kwamba watoto wa gredi ya 10 tayari wamo darasani, na kuwaambia wangoje ni kuwaambia wasome sanaa kwa kusoma tu vitabu. Na zile hospitali tunazozililia, habari zake zimefikaje kwetu? Vijana wameziimba, wameziigiza, wameziweka kwenye video. Ukimnyima mtu mahali pa kusema dawa hakuna, ataambiwa dawa zipo na hakuna atakayembishia.

Sasa kwetu sisi chamani. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Tukishinda kaunti, mjaribu wa kwanza hatakuwa mpinzani. Atakuwa mtu wetu, atakayesema ukumbi huu tumejenga sisi, sasa ule mchezo unaotucheka hauwezi kuchezewa humu. Ndiyo maana nataka sheria iandikwe kabla hatujajua nani atakuwa ofisini. Sheria ya haki ni ile ambayo ungeikubali hata kama adui yako ndiye atakayeisimamia. Tuliumia kwa sababu ya Butere. Itakuwa aibu tukija kuwa sisi ndio wenye kufuli.

Kazi ya kufanya ipo, na haihitaji kungoja 2027. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, hata la kutaka sheria mpya. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakazi mabaraza ya kuongea na bodi ya jiji. Bajeti nayo ina tarehe zake: mwongozo wa matumizi ya kaunti hufika bungeni kufikia Februari 28, makadirio kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukija na wazo lako mwezi wa Juni umechelewa. Tena mpango wa maendeleo wa miaka mitano unaotumika sasa unaisha 2027. Kitu kisipoingia kwenye mpango unaofuata, tunaweza kukingoja miaka mingine mitano.

Kwa hivyo naomba vitu viwili. Tawi la vijana la Nakuru likubali tuandike ombi hilo pamoja, na tuwaalike walimu wa drama na vikundi vya mitaani watie sahihi, wawe wa chama chetu au wasiwe. Na kila anayetaka tiketi yetu ya udiwani au ugavana aulizwe hadharani kama atapitisha mambo haya matano, yakiwa yameandikwa, na jibu lake tulichapishe hapa.

Akikuahidi jengo, mshukuru. Kisha muulize kuhusu ufunguo.